Anza na Ijumaa: kuchagua hoteli Yerusalemu na Galilaya kwa kikundi cha hija kutoka Tabora au Kigoma

Kamati ya hija ikikaa kupanga malazi, iwe Tabora mjini, Nzega au Kasulu, jambo la kwanza mezani huwa bei ya chumba. Bei iwekeni kando kwanza. Chukueni kalenda ya safari, hesabuni usiku mmoja mmoja, kisha tieni alama kila Ijumaa na kila Jumamosi. Hoteli ya usiku wa Ijumaa ndiyo inayoamua kama safari itakwenda sawa, maana wiki nzima ya Israeli inaizunguka Sabato, na hoteli zake zinaendeshwa kwa mzunguko huohuo.

Waadventista Wasabato wa Kasulu na Buhigwe hawana haja ya kuelezwa. Siku inaanza jua likizama Ijumaa na kuisha Jumamosi jioni. Wengine inabidi wakumbuke jambo moja ambalo huku kwetu halituumizi kichwa. Kigoma jua huzama kwenye saa 1 jioni mwaka mzima, likipishana dakika chache tu. Yerusalemu linapishana zaidi ya saa tatu kati ya Desemba na Juni. Katikati ya Desemba Sabato huingia karibu saa 10 jioni na kutoka saa 11 na robo kesho yake. Mwishoni mwa Juni huingia baada ya saa 1 jioni na kutoka kama saa 2 na nusu usiku. Kwa hiyo ratiba ya kikundi kilichokwenda Juni msiichukue kama ilivyo kwa safari ya Desemba. Kumbukeni pia kwamba majira ya baridi saa za Israeli ziko nyuma yetu kwa saa moja. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Oktoba tunakuwa sawa.

Saa kadhaa kabla ya jua kuzama Ijumaa, treni zinasimama, tramu ya Yerusalemu inasimama, na mabasi ya kawaida yanarudi gereji. Maduka ya upande wa Kiyahudi yanafungwa. Uwanja wa ndege wa Ben Gurion unaendelea na kazi, ila shirika la El Al halirushi ndege zake, na ile treni inayowafikisha Yerusalemu kwa chini ya nusu saa haipo. Msafara unaotua Ijumaa jioni bila basi la kukodi lililothibitishwa kwa maandishi utajikuta unasaka teksi, kila moja kwa bei ya Sabato.

Tatizo kubwa zaidi ni kufika hotelini Jumamosi mchana. Siku za kawaida chumba hutolewa saa 9 alasiri na wageni wa jana huondoka saa 5 asubuhi. Jumamosi mambo ni tofauti. Myahudi mshika Sabato hasafiri wala halipi bili kabla ya Sabato kutoka, kwa hiyo hoteli humwachia chumba hadi jioni. Usafi unaanza baada yake. Wakati wa kiangazi mnaweza kupewa funguo saa 3 au saa 4 usiku, na wazee wenu wamekaa kwenye makochi ya mapokezi tangu saa 8 mchana. Hapo hoteli haijakosea. Masharti hayo kwa kawaida yako kwenye uthibitisho wa chumba, kwa herufi ndogo. Basi msipange kuhama hoteli Jumamosi. Ingieni Alhamisi au Ijumaa kabla ya saa 7 mchana, tokeni Jumapili. Ikishindikana kabisa, Jumamosi hiyo laleni kwenye nyumba isiyoshika Sabato.

Hapo ndipo mnapotakiwa kujua aina za malazi, na kwa vikundi vya kwetu zilizo muhimu ni tatu.

Ya kwanza ni hoteli za kosheri, yaani zinazofuata sheria ya chakula ya Kiyahudi chini ya uangalizi wa marabi. Karibu hoteli zote kubwa za Yerusalemu Magharibi, Tiberia na Bahari ya Chumvi ni za namna hiyo. Ni safi, vyumba ni vipana, kifungua kinywa ni kingi. Ukali wake haulingani. Hoteli ya kawaida inashika sheria jikoni na kumwachia mgeni maisha yake. Yenye cheti kinachotaja neno "mehadrin" inapokea zaidi wacha Mungu wakali, na huko mnaweza kukuta wanaume na wanawake wana saa tofauti za bwawa la kuogelea, na simu hazitakiwi ukumbini siku ya Sabato. Cheti hubandikwa mlangoni mwa ukumbi wa chakula. Mkiwa bado nyumbani, ulizeni tu kwa barua pepe.

Ya pili ni hoteli za Waarabu, Wakristo na Waislamu, zilizoko Yerusalemu Mashariki, Bethlehemu na Nazareti. Sabato haiwahusu. Lifti inakwenda, chai inachemka, maduka ya jirani yako wazi, na kituo cha mabasi cha Lango la Dameski kinafanya kazi Jumamosi, pamoja na mabasi ya kwenda Bethlehemu. Nazareti, ambao ni mji wa Waarabu, Jumapili ndiyo siku ambayo maduka mengi ya Wakristo hufungwa.

Ya tatu ni nyumba za wageni za makanisa. Wafransisko wana Casa Nova ndani ya Mji Mkongwe wa Yerusalemu, na nyingine Bethlehemu na Nazareti. Notre Dame, mali ya Vatikani, inatazamana na Lango Jipya. Hospisi ya Austria iko kwenye Njia ya Msalaba yenyewe na imekuwa ikipokea mahujaji tangu 1863. Waanglikana wana nyumba kwenye Kanisa Kuu la Mtakatifu George, njia ya Nablus, na nyingine ya Christ Church karibu na Lango la Yafa. Walutheri nao wanayo ndani ya Mji Mkongwe. Hizi zina vyumba vya kawaida, mara nyingi bila televisheni, na nyingine hufunga geti usiku, kwa hiyo ulizeni saa ya mwisho ya kurudi. Faida yake kwa parokia au usharika ni kwamba kanisa liko ndani au hatua chache, na mapadre wanaweza kupangiwa altare mapema.

Ushauri wetu kwa kikundi cha watu 20 hadi 40 kinachokwenda mara ya kwanza, chenye wazee ndani yake, ni huu. Siku za katikati ya wiki, Jumapili hadi Alhamisi, laleni Galilaya kwenye hoteli ya kosheri, hasa ya kibutzi. Kibutzi ni kijiji cha ushirika, na waliokulia vijiji vya ujamaa wataielewa haraka kuliko wengi. Vingi vimejenga nyumba za wageni kando ya ziwa zenye nafasi ya basi kuegesha. Kule Ginosar kuna makumbusho ya mashua ya kale iliyopatikana kwenye matope ya ziwa mwaka 1986, wakati maji yalipopungua kwa ukame. Kisha Alhamisi mchana pandeni Yerusalemu, na usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi mwe kwenye nyumba ya kanisa au hoteli ya Yerusalemu Mashariki. Kwa mpango huo Sabato mtaiona kwa macho, bila kukwama nayo.

Bei nayo inaunga mkono mpango huo. Waisraeli hufanya kazi Jumapili hadi Alhamisi na kwenda mapumziko Alhamisi jioni, wakajaza Tiberia na Ein Bokek kwenye Bahari ya Chumvi. Chumba kilekile cha Jumatatu kinapanda bei Ijumaa, na baadhi ya hoteli hazikubali kuuza usiku mmoja peke yake mwishoni mwa wiki.

Sasa jikoni, mahali ambapo vikundi vyetu hupata msuguano mwingi usio wa lazima. Chimbuko lake ni Kutoka 23:19, lile katazo la kumtokosa mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake. Marabi walilipanua, hivyo nyama na maziwa havikai meza moja, havipikwi sufuria moja, na vyombo vyake ni tofauti. Asubuhi ni upande wa maziwa. Mtakuta mayai, jibini za kila aina, mtindi, samaki, saladi nyingi na mikate. Soseji hakuna. Jioni ni upande wa nyama, na hapo chai ya maziwa haipo. Mhudumu akiombwa maziwa saa hiyo atakataa hata akibembelezwa, na msimamizi wa kosheri akiona kopo la maziwa mezani atakuja kuliondoa. Waambieni watu mapema kwamba chai ya maziwa ni ya asubuhi.

Sheria ya pili ni kutoingiza chakula cha nje kwenye ukumbi. Asali ya Tabora, hata ikiwa safi namna gani, haina muhuri wa kosheri, hivyo isiwekwe mezani. Dagaa wa Kigoma vilevile, ingawa samaki wenye mapezi na magamba wanaruhusiwa kwa mujibu wa Walawi 11. Kwa kipimo hicho migebuka angepita na kambare angekataliwa, na ndiyo maana kwenye Ziwa la Galilaya, ambako kambare wapo, hoteli huwapa sato na kumwita samaki wa Mtakatifu Petro. Mnachobeba kutoka nyumbani kuleni chumbani kwa vyombo vyenu. Msichukue sahani wala kijiko cha ukumbini kwa kazi hiyo, maana kikishagusa chakula chenu hakirudi jikoni hivihivi.

Kwa Waislamu wa Ujiji na Tabora wanaokwenda kuswali Masjid al-Aqsa, kosheri inawaondolea wasiwasi wa nguruwe. Divai haikatazwi kwa Wayahudi, na Ijumaa usiku inabarikiwa mezani. Anayetaka halali kamili na jirani na msikiti atafute hoteli karibu na Lango la Dameski au Lango la Herode, ambako kwa Kiarabu huitwa Bab al-Zahra. Mwezi wa Ramadhani ulizeni kama hoteli inaandaa daku na futari, na wekeni nafasi miezi kadhaa kabla, maana wageni ni wengi.

Mkilazimika kulala kwenye hoteli ya kosheri Ijumaa, jiandaeni hivi. Kupika na kuwasha moto ni kazi iliyokatazwa, kwa hiyo chakula cha Jumamosi kimepikwa jana na kuwekwa kwenye bamba la moto. Mayai ya kukaanga papo hapo hayapo, mashine ya kukausha mkate imezimwa, na mashine ya kahawa mara nyingi pia. Maji ya moto yako kwenye birika kubwa lililowashwa tangu Ijumaa. Chakula cha Ijumaa usiku ni karamu, bei yake ni ya juu, na lazima kilipiwe mapema, kwa sababu baada ya jua kuzama mapokezi ya hoteli nyingi hayapokei fedha wala hayaandiki bili. Migahawa ya jirani imefungwa. Asiyelipia chakula hicho atalala na biskuti. Kama bajeti haitoshi, nunueni mikate, matunda na maji Ijumaa kabla ya saa 7 mchana.

Lifti nayo. Siku ya Sabato moja hupangwa ijiendeshe yenyewe, isimame kila ghorofa na kujifungua bila mtu kubonyeza. Katika jengo la ghorofa 15 safari moja inaweza kuchukua dakika kadhaa, na baada ya chakula foleni yake ni ndefu. Kwa kawaida kuna lifti nyingine ya kawaida, na mgeni asiye Myahudi anaruhusiwa kuitumia. Watu wenu wasome kibao kabla ya kuingia. Ombeni ghorofa ya pili au ya tatu kwa wazee, ili ngazi ziwe njia ya akiba. Usimbonyezee Myahudi kitufe kwa kudhani unamsaidia, mpaka mwenyewe aonyeshe kuhitaji. Kama mlango unatumia kadi ya umeme, ulizeni mapokezi siku ya Sabato utaratibu ukoje, kwa maana baadhi ya hoteli hutoa ufunguo wa chuma kwa wanaouhitaji.

Mambo madogo mawili ya chumbani yanayoleta aibu. Kile kijisanduku chembamba kwenye mwimo wa mlango ni mezuza, na ndani yake kuna maandiko ya Kumbukumbu la Torati 6. Kisibanduliwe wala kuchokonolewa kama kumbukumbu ya safari. Na kikombe chenye mikono miwili kwenye sinki nje ya ukumbi ni cha kunawia mikono kabla ya kula mkate. Si cha kunywea.

Mahali hoteli ilipo kuna uzito kuliko sura yake. Jumamosi mtatembea, kwa hiyo pimeni kwa miguu. Kutoka Lango la Yafa hadi Kanisa la Kaburi Takatifu ni kama dakika 10. Nyumba zilizo ndani ya Mji Mkongwe ziko karibu na kila kitu, lakini basi haliingii. Mnashuka langoni na kukokota mabegi kwenye mawe na ngazi, kwa hiyo mwenye magoti mabovu awekwe nje ya ukuta, Notre Dame kwa mfano, ambako gari linafika mlangoni. Epukeni hoteli iliyo katikati ya mitaa ya Wayahudi wakali kama Mea Shearim na jirani zake. Bei yake huvutia, lakini Sabato barabara zinawekewa vizuizi na basi lenu haliwezi kuwafuata. Kuingia mtaa huo kwa gari saa hizo ni kuwakosea wenyeji.

Bethlehemu ni nafuu kuliko Yerusalemu na chakula chake mtakipenda. Gharama yake ni muda. Kila asubuhi mnapita kizuizi cha ukaguzi mkirudi Yerusalemu, kila mtu na pasipoti mkononi. Kama mmepanga kuwa Kaburi Takatifu alfajiri, kulala Bethlehemu hakufai. Msafara unaokwenda Yordani au Misri kisha kurudi Israeli utahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja, na upange kuvuka mpaka siku isiyo Ijumaa wala Jumamosi, maana daraja la Allenby, la kuvukia kwenda Yordani, siku hizo halifanyi kazi kwa saa za kawaida.

Sikukuu ni Sabato iliyozidishwa. Pasaka ya Kiyahudi huchukua siku 7 nchini Israeli, na hoteli ya kosheri huondoa kila kitu chenye chachu. Mkate, maandazi, chapati na bia havipo, na mtaombwa msiviingize hata chumbani. Bei siku hizo ndiyo ya juu kabisa, na mara nyingi mnauziwa milo yote mitatu mtake msitake. Msidhani Pasaka yao na yetu huenda pamoja. Mwaka 2027 Pasaka ya Wakristo wa Magharibi ni 28 Machi, ya Wayahudi inaingia jioni ya 21 Aprili. Kwa anayetaka Wiki Takatifu Yerusalemu kwa bei inayovumilika, mwaka wa namna hiyo ni wa kushika mapema.

Siku ya Upatanisho, inayoanguka Septemba au Oktoba, msisafiri kabisa. Magari yanatoweka barabarani, uwanja wa ndege unafungwa, mipaka inafungwa. Mwaka 2027 inaingia jioni ya 10 Oktoba. Siku 5 baadaye inakuja Sikukuu ya Vibanda, ya juma zima, ambapo hoteli nyingi hujenga kibanda uani na wageni Wayahudi hula humo. Wapentekoste wengi wa Afrika hupenda kwenda wakati huo kwa ajili ya mkutano wa Kikristo wa Vibanda unaofanyika Yerusalemu tangu 1980. Vyumba huisha, kwa hiyo wekeni nafasi miezi 8 au zaidi kabla.

Upande wa fedha, ulizeni kila mara kama bei ni ya mtu au ya chumba, na kama ina VAT. Kwa utaratibu uliozoeleka mgeni mwenye viza ya utalii anayelipa kwa fedha za kigeni hatozwi VAT ya malazi, na tangu Januari 2025 kodi hiyo ni asilimia 18. Ili kupata nafuu hiyo mapokezi hutaka pasipoti na kile kikaratasi kidogo unachopewa uwanja wa ndege, maana Israeli haigongi muhuri kwenye pasipoti. Vikaratasi hivyo hupotea kirahisi. Kiongozi awaambie watu wavipige picha siku ya kwanza.

Orodha ya vyumba iandikwe kwa majina ya pasipoti, si ya ubatizo wala ya utani. Tofautisheni kitanda kimoja kikubwa na vitanda viwili, vinginevyo masista wawili watapewa kitanda cha maharusi. Chumba cha watu watatu kwa kawaida ni cha wawili kilichoongezwa kitanda cha kukunja, na mabegi ya safari hayatapata pa kukaa. Anayelala peke yake hulipa nyongeza, wakati mwingine nusu ya bei nzima. Kwa maombi ya viza chukueni uthibitisho unaofutika bila gharama hadi tarehe fulani, na msitume malipo yote kabla viza hazijatoka.

Desemba hadi Februari ulizeni joto la chumbani. Yerusalemu iko juu karibu mita 800, usiku hushuka hadi nyuzi 6 au chini yake, na nyumba za mawe hushika baridi. Ulizeni pia chumba cha kujikinga na makombora kiko wapi. King'ora kikilia Yerusalemu kuna sekunde 90 za kufika, na lifti haitumiki, kwa hiyo wazee wapangwe karibu nacho, na siku ya kuingia kila mtu atembezwe hadi mlangoni pake kabla ya kufungua begi.

Barua ya kwanza kwa hoteli iwe fupi, kwa Kiingereza chepesi, na iulize haya: Jumamosi vyumba vinatolewa saa ngapi na kurudishwa saa ngapi, chakula cha Ijumaa usiku kinalipiwa lini na kwa kiasi gani, lifti ngapi zinabaki za kawaida Sabato, basi la watu 40 linafika mlangoni Jumamosi au barabara inafungwa, chumba cha kujikinga kiko ghorofa gani, kiongozi wa msafara anapewa nafasi ya bure kwa kila watu wangapi. Hoteli iliyozoea vikundi hujibu yote sita bila kusukumwa. Ikijibu bei peke yake, andikieni nyingine.